Mabao Mawili ya Bwerere

Daftari ni la kurasa tisini na sita,
nyuma limechapwa jedwali la kuzidisha,
na mimi, Kuloba, karani wa timu ya Nabuyole,
nimeandika humo msimu mzima kwa kalamu mbili,
ya pili nikiikopa kwa Nasipwondi wa duka la mbolea
ambaye bado anaidai.

Chini ya ligi yetu hakuna ligi nyingine.
Kuna nyasi, na chini ya nyasi kuna fuko.
Anayeshuka daraja huku hashuki: anafutwa.

Februari. Misikhu tatu, sisi moja.
Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni kwa mama Sikuku;
upepo ukaja toka upande wa kiwanda
ukala eneo la hatari lote kabla ya mapumziko.
Penalti ikapigwa kwa kukadiria,
na kipa wetu akafungwa kwa kukadiria.

Machi, Chwele. Sare tasa, watangazaji wangesema.
Lakini mchana ule mke wa Khisa, beki wa kushoto,
alijifungua pacha pale hospitali ya Webuye.
Nikaandika tu: sufuri kwa sufuri.

Aprili mvua.
Kule Naitiri mpira ulikwama topeni
hatua mbili mbele ya lango tupu.
Lusweti akautazama. Nao ukamtazama.

Mei Lusweti akaondoka na mabao yake sita
kwenda Doha, kulinda mlango wa jengo
ambalo hajaambiwa ndani mna nini.
Usiku wa manane simu yangu hutetemeka mtoni mwa mto:
*Tumefunga?*
Namjibu: *Tumefungwa.*
Herufi moja tu, ndogo,
tumeibeba toka Juni hadi Septemba
kama kijiwe ndani ya kiatu.

Sijamtaja Mukhwana.
Jezi namba kumi na tano, safi kuliko zote,
maana haijaonja jasho lisilo la jua.
Yeye hubeba chupa za maji, hubeba pampu,
hukimbilia mpira ukiingia kwenye miwa
na kurudi nao amekatwa na majani mikononi.
Mechi ishirini na moja; dakika zake: hakuna.
Kocha humwambia, *wiki ijayo*,
naye huitikia kama mtu anayeitikia salamu.

Mechi ya mwisho, Bokoli, nyumbani.
Tukishinda tunabaki. Tukitoka sare, fuko.
Bokoli hawakuja.
Nauli yao, tulisikia, ililiwa Ijumaa usiku
na mtu aliyeaminiwa.
Kanuni ni kanuni: wetu wakajipanga kumi na moja,
wakakabiliana na nusu ya uwanja isiyo na mtu.
Refa akatazama saa. Dakika thelathini.
Ng'ombe wa mzee Wabwile akavuka kati
na hakuna aliyemwita ameotea.
Kisha kipenga.
Pointi tatu, mabao mawili ya bwerere,
na vijana wakashangilia kidogo, wakaona haya, wakaacha.

Fomu ina nafasi: *Wafungaji*.
Kisheria unachora kistari.
Nilikishika kile kistari kwenye ncha ya kalamu ya Nasipwondi
hadi wino ukaanza kujaa.
Kwenye fomu nikakichora.
Kwenye daftari, ambalo ni letu, nikaandika:
Mukhwana, dakika ya 12.
Mukhwana, dakika ya 71.

Usiku nikamtumia Lusweti neno moja,
bila ile herufi.
Hakujibu. Labda zamu. Labda alikuwa amesimama wima
mbele ya mlango, simu imezimwa.

Jumapili Mukhwana akaja kurudisha pampu.
Daftari lilikuwa wazi mezani, sikulifunga.
Akasoma taratibu, kidole chini ya jina lake,
kisha akauliza kwa sauti ya chini,
bila kuniangalia:
"La pili nililifunga vipi?"
"Kwa kichwa," nikamwambia. "Kona ya Khisa."
Akapapasa paji la uso
kama anayetafuta tope.